Kupima damu kujua kama una minyoo: mwongozo kamili kuanzia dirishani mpaka karatasi ya majibu

Naanza na kitu ambacho wengi hawakijui mpaka hela imeshatoka mfukoni: minyoo mingi ya tumboni haipimwi kwa damu. Chango, safura, ile myembamba yenye umbo la mjeledi, tegu mkubwa anayekaa utumbini, hao wote mayai yao au vipande vyao vinatoka na choo, kwa hiyo ukitaka waonekane leta choo. Na ile midogo myeupe inayowawasha watoto makalioni usiku hata choo hakisaidii sana, hiyo unabandika selotepu pembeni ya njia ya haja kubwa asubuhi mtoto akiamka tu, kabla hajaoga wala kwenda chooni, halafu selotepu hiyo inabandikwa kwenye slaidi inaangaliwa.

Mi nafanya kazi maabara huku Tanga, na kilichonifanya niandike ni mama mmoja aliyekuja dirishani na mtoto wa miaka mitano akaniambia dada nipimie huyu damu ya minyoo, nimechoka. Alikotoka walimtoboa mtoto kidole, karatasi ikaandikwa "minyoo plasi mbili", hakuna jina la mnyoo, hakuna jina la kipimo, na mtoto ameshameza dawa za minyoo mara tatu na bado amepauka na macho yana manjano. Choo tulichompima hakikuwa na yai hata moja. Wingi wa damu ulikuwa 7.4, na kipimo cha sikoseli kikatoka ndiyo. Yaani miezi yote ile mtoto anatibiwa minyoo isiyokuwepo kwa sababu ya karatasi isiyosema chochote.

Sasa je damu haina kazi kwenye minyoo? Inayo, tena kazi kubwa, kuna minyoo ambayo bila damu utaitafuta mpaka uchoke. Ila lazima ujue ni mnyoo gani, damu ipi, saa ngapi, na jibu linamaanisha nini. Twende taratibu.

Hatua ya 1: jua unatafuta mnyoo gani kabla hujalipia

Ukimwambia daktari "nipime minyoo" umemwambia kitu kidogo sana. Mwambie ulikoishi na ulichofanya, hapo ndipo jina la mnyoo linapotokea. Umekulia pwani, iwe Tanga, Lindi, Mtwara, Kilifi au Lamu, na mguu au korodani zinavimba? Hapo tunafikiria matende na mabusha. Umeogelea au unavua Ziwa Victoria, au unalima kwenye majaruba, au umekulia Pemba au Unguja ukicheza mtoni? Kichocho. Umeanza kuanguka kifafa ukiwa mtu mzima na unakaa sehemu nguruwe wanazurura, mfano Mbulu au Mbozi? Tegu wa nguruwe aliyeingia kwenye ubongo. Umefuga umelala na mbwa, Turkana au kwa ndugu zetu Wamasai, na una uvimbe kwenye ini? Huyo ni tegu wa mbwa. Unatembea peku shambani miaka yote na sasa daktari anataka kukuanzishia dawa kali za kushusha kinga? Huyu wa mwisho nitamrudia, kwa sababu ndiye anayeniumiza roho kuliko wote.

Sema pia dawa ulizomeza karibuni, hata zile za kugawiwa mtaani au shuleni. Zinabadilisha majibu.

Hatua ya 2: anza na FBP, na uisome vizuri

FBP ndiyo picha nzima ya damu, inapatikana karibu kila mahali na si ghali kama vipimo vingine. Inachukuliwa kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau chenye dawa ya kuzuia damu isigande. Huhitaji kufunga kula, kunywa maji kama kawaida, mshipa unaonekana vizuri zaidi ukiwa umekunywa maji.

Humo tunatafuta vitu viwili. Cha kwanza ni wingi wa damu, yaani hemoglobini, kwa sababu minyoo ya safura inang'ata ukuta wa utumbo na kunyonya damu kila siku, ikiwa mingi mtu anaishiwa damu kidogo kidogo bila kujua. Mtoto wa chini ya miaka mitano na mama mjamzito wakiwa chini ya 11 wana upungufu, mwanamke asiye mjamzito chini ya 12, mwanaume chini ya 13. Lakini angalia, upungufu wa damu hautaji jina la mnyoo, unaweza kuwa malaria, sikoseli, chakula, hedhi nyingi, kwa hiyo ukiukuta unaenda kutafuta sababu, na safura utaitafuta kwenye choo.

Cha pili ni eosinofili, hizi ni chembe nyeupe ambazo mwili unaziongeza hasa pale mnyoo unapopita kwenye nyama, mapafu au ngozi. Hapa ndipo watu wengi, hata wahudumu, wanasoma vibaya. Kwenye karatasi kuna asilimia na kuna namba kamili, soma namba kamili. Kama haijaandikwa itafute mwenyewe: chukua jumla ya chembe nyeupe zidisha kwa asilimia ya eosinofili. Mfano chembe nyeupe ni 6.0 na eosinofili ni asilimia 12, unapata 0.72. Kawaida haivuki 0.5, kwa hiyo hiyo iko juu. Ikivuka 1.5 hapo usiondoke bila daktari kuikalia chini.

Halafu kuna kitu cha mashine. Vituo vingi vidogo vina mashine zinazogawa chembe nyeupe makundi matatu tu, kwenye karatasi utaona LYM, MID na GRA, basi. Mashine ya hivyo haikuonyeshi eosinofili, imezichanganya humo ndani na chembe nyingine. Kama karatasi yako iko hivyo mwombe mtu wa maabara atengeneze slaidi ya damu, aipake rangi ahesabu chembe nyeupe mia moja kwa macho, mojamoja. Eosinofili chini ya darubini huwezi kuikosea, ina kiini chenye vyumba viwili na imejaa punje za rangi ya chungwa iliyoiva. Ni kazi ya dakika chache, na ni haki yako kuiomba.

Eosinofili zikiwa juu sio lazima minyoo, pumu inazipandisha, mzio unazipandisha, dawa nyingine zinazipandisha. Na zikiwa kawaida sio kwamba huna minyoo, chango aliyetulia utumbini anaweza asizitingishe kabisa, na mtu anayemeza prednisolone (dawa inayoshusha kinga) eosinofili zake zinashuka hata kama minyoo imemjaa. Kwa hiyo hiki ni kidole kinachoonyesha upande, bado hujafika nyumbani.

Hatua ya 3: matende na mabusha, damu ya usiku

Hii ndiyo sehemu naipenda na ndiyo inayoharibiwa sana. Mnyoo wa matende unaitwa Wuchereria bancrofti, wakubwa wanakaa kwenye mishipa ya limfu (ile ya majimaji ya mwili, sio ya damu), hawapatikani kwa sindano. Wanachokizaa ni vijinyoo vidogo visivyoonekana kwa macho, na hivyo ndivyo vinaingia kwenye damu. Sasa vijinyoo hivi mchana vinajificha kwenye mishipa ya mapafu, usiku vinatoka kwenye damu ya juu juu ili mbu akija kunyonya avibebe. Daktari Patrick Manson akiwa Amoy, China, mwaka 1877 ndiye aliyegundua kwamba mbu anavibeba, na toka enzi zake wanajua kwamba damu ya mchana haivioni.

Kwa hiyo ukipimwa matende saa tatu asubuhi kwa darubini ukaambiwa huna, hujapimwa. Saa ya kuchukua damu ni kati ya saa nne usiku na saa nane usiku. Kama kituo chako hakifungui usiku waulize kama wanaweza kukupangia siku, au mtu wa maabara akufuate nyumbani, sisi tumefanya hivyo mara nyingi. Na kama wewe ni mlinzi au unafanya shifti ya usiku miezi na miezi na unalala mchana, mwambie anayekupima, kwa sababu vijinyoo vinafuata usingizi wako na mpangilio unaweza kugeuka kabisa, kwako damu ya mchana ikawa ndiyo yenyewe.

Inavyofanyika ni hivi. Umelala au umepumzika, anakuja anakuamsha, anakusafisha kidole kwa spiriti anaiacha ikauke (isipokauka damu inatawanyika haikai tone), anatoboa, tone la kwanza analifuta, halafu anavuta mikrolita 60 kwa kitubu chembamba na kuchora mistari mitatu ya damu nzito juu ya slaidi, kila mstari mikrolita 20. Slaidi inaachwa ikauke mpaka kesho yake ikiwa imefunikwa, na hapa naomba wenzangu wa maabara mnisikie, ifunikwe kweli, kwa sababu mende na sisimizi wanakula damu ile na asubuhi unakuta kioo kitupu, umemwamsha mtu usiku wa manane bure. Ikishakauka inatumbukizwa kwenye maji dakika chache wekundu utoke, inapakwa rangi ya Giemsa, inaangaliwa kwanza kwa lenzi ndogo slaidi nzima kuanzia kona mpaka kona.

Njia nyingine ambayo huku Tanga watafiti wameitumia sana ni kuchukua mikrolita 100 za damu ya kidole na kuzimwaga kwenye maji yenye asidi asetiki asilimia 3, zile chembe nyekundu zinapasuka maji yanakuwa kama chai nyepesi, kisha unahesabu kwenye kioo chenye mistari. Na kama vijinyoo vinashukiwa kuwa vichache unachukua damu ya mshipa mililita moja unaichuja kwenye karatasi maalumu yenye vitundu vidogo sana, damu inapita vijinyoo vinabaki juu.

Lakini ukitaka kuamini kwa macho yako, mwombe mtu wa maabara aweke tone bichi la damu ile ya usiku chini ya darubini kabla halijakauka. Kwanza unaona chembe nyekundu zimetulia tuli. Ghafla zinaanza kusukumana, zinapishana kama watu wanaompisha mtu sokoni, hujaona kitu bado, halafu kinatokea kiuzi kirefu kinajipinda huku na huku, kinachapa mkia, hakitoki mahali pale lakini hakitulii. Mzee mmoja niliyemwonyesha saa sita usiku kwa taa ya kichwani alikaa kwenye ile darubini muda mrefu, akaniambia mwanangu miaka thelathini naambiwa nimerogwa. Tokea siku hiyo yeye ndiye anayewaamsha majirani tukija kupima.

Kuna pia kipimo cha haraka, zamani kilikuwa cha kadi na sasa ni cha utepe, hiki kinatafuta kitu kinachotolewa na mnyoo mkubwa mwenyewe kwa hiyo hakijali usiku wala mchana. Utepe unatumia mikrolita 75 za damu ya kidole na unasomwa dakika ya 10, dakika ya 10 sio ya 15 wala ya 30, ukichelewa mstari unaweza kujitokeza wenyewe ukaambiwa unao na huna. Mstari wa uhakiki usipotokea hakuna jibu, rudia na mpya. Tepe hizi mara nyingi ziko kwenye Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Magonjwa Yaliyokuwa Hayapewi Kipaumbele, ndizo wanazotumia kupima watoto wa miaka 6 na 7 shuleni kuona kama maambukizi yamekatika baada ya miaka ya kugawa dawa, kwa hiyo zahanati ya mtaani usishangae wasiwe nazo, muulize mratibu wa magonjwa hayo wilayani.

Jambo la mwisho kwenye matende, na ni zito: mtu ambaye mguu umeshavimba miaka au busha limeshakuwa kubwa anaweza kupimwa usiku, akapimwa kwa utepe, na vyote vikatoka hapana. Mnyoo wake ulishakufa, kilichobaki ni uharibifu wa mishipa. Jibu hilo halimaanishi ugonjwa ni kitu kingine wala asifukuzwe kliniki. Busha linafanyiwa upasuaji, mguu unaoshwa kwa sabuni na maji kila siku, unakaushwa vizuri katikati ya vidole, unainuliwa ukikaa, vidonda vidogo vinatibiwa mapema. Hayo hayasubiri kipimo.

Hatua ya 4: kama umeishi misitu ya Kongo au magharibi zaidi

Kuna mnyoo wa macho anaitwa loa, unasambazwa na nzi wa msituni na wakati mwingine mtu anauona unapita kwenye weupe wa jicho. Huyu vijinyoo vyake vinatoka mchana, saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana. Angalia saa zilivyofanana, saa nne hadi saa nane, ila huyu wa mchana yule wa usiku, usichanganye.

Kwa nini ujali? Kwa sababu mtu mwenye vijinyoo vya loa vingi sana, zaidi ya 30,000 kwa mililita moja ya damu, akimeza ivermectin (dawa ya minyoo) anaweza kupata madhara ya ubongo, kuzimia na hata kufa. Ndiyo maana wakimbizi wanaopelekwa Marekani kutoka nchi zenye loa hawapewi ivermectin hivi hivi, inaangaliwa damu ya mchana kwanza. Ndugu zetu Wakongo mlioko huko nje, mkiulizwa mlikaa mkoa gani semeni mkoa wenyewe, hilo swali lina maana. Isitoshe loa inaweza kuufanya utepe wa matende useme ndiyo wakati huna matende.

Usubi, ule unaoleta upofu, kama kule Mahenge, hautafutwi kwenye damu kwa darubini kwa sababu vijinyoo vyake vinakaa kwenye ngozi, wanakata kipande kidogo sana cha ngozi wanakiloweka. Kipimo cha damu cha kingamwili, yaani askari ambao mwili unawatengeneza ukikutana na mnyoo, kipo lakini ni zaidi cha kuchunguza jamii kuliko mgonjwa mmoja.

Hatua ya 5: vipimo vya kingamwili, yaani damu ya kichupa chekundu

Hapa damu inachukuliwa mkononi, mililita 3 hadi 5, kwenye kichupa cha kifuniko chekundu au cha njano kisicho na dawa ya kuzuia kuganda. Inaachwa kama nusu saa igande, inazungushwa kwenye sentrifuji, yale maji ya manjano ya juu ndiyo yanapimwa. Maji yale yakiwa mekundu maana yake chembe zimepasuka, pengine kichupa kilitikiswa au sindano ilivuta kwa nguvu, bora irudiwe. Vipimo vingi vya hapa haviko wilayani, viko hospitali kubwa na za utafiti au vinatumwa nje, kwa hiyo piga simu uulize kabla hujapanda basi.

Elewa kitu kimoja kikubwa: kingamwili ni kumbukumbu ya mwili. Inasema mwili wako umewahi kukutana na mnyoo huyu, haisemi kama yumo leo. Hilo likikukaa kichwani majibu mengi yatakuwa rahisi.

Kichocho. Kama umekulia Ukerewe ukiogelea toka mtoto, kingamwili zako zitakuwa juu hata kama ulitibiwa miaka mitano iliyopita, kwa hiyo kipimo hiki kwako ni hela ya bure, pima choo kwa kichocho cha tumbo, na kwa kichocho cha mkojo leta mkojo wa saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana (ndiyo, saa zile zile tena), mayai yanatoka kwa wingi muda huo, ukikimbia kidogo au kupanda ngazi kabla ya kukojoa ni vizuri zaidi. Pia kuna kipimo cha haraka cha mkojo kinachosaidia kwa kichocho cha tumbo. Anayefaidika na kingamwili ni mgeni, mfano kijana amezaliwa Muscat au Toronto amekuja likizo Mwanza, ameingia ziwani mara moja. Huyo asubiri wiki 6 hadi 8 toka siku aliyogusa maji, akipima wiki ya pili atatoka hapana na haina maana. Ila akipata homa kali, kikohozi, ngozi kuwasha wiki chache baada ya kuogelea na eosinofili zimeruka juu, asisubiri kipimo, aende kwa daktari amwambie neno "ziwa", maana huo wakati hata mayai bado hayajaanza kutoka na vipimo vyote vinaweza kuwa kimya.

Tegu wa nguruwe kwenye ubongo. Kwanza niondoe uongo mmoja unaoua: wapo wanaosema mi sili kitimoto kwa hiyo siwezi kupata. Unaweza. Anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva yenye malengelenge anapata tegu wa utumbo, lakini ule ugonjwa wa ubongo unapatikana kwa kumeza mayai yaliyotoka kwenye choo cha binadamu mwenye tegu, kwenye mboga, maji, au mikono ya aliyekupikia. Muislamu aliyesali maisha yake yote na hajaonja nguruwe anaweza kuugua, na asisemwe vibaya. Kipimo cha damu kinachoaminika zaidi ni kile cha kingamwili kinachosomwa kwa mistari juu ya utepe, kinafanya vizuri sana mtu akiwa na malengelenge mawili au zaidi ubongoni, likiwa moja tu kinaweza kulikosa. Kwa hiyo damu inatembea pamoja na picha ya CT au MRI, haitembei peke yake. Na tafadhali, mwenye kifafa asijinunulie praziquantel au albendazole dukani "kuua minyoo ya kichwani", malengelenge yakifa kwa mkupuo ubongo unavimba na degedege linaweza kuwa baya kuliko la mwanzo.

Tegu wa mbwa. Hapa ultrasound inatangulia, damu inafuata kuthibitisha. Uvimbe ukiwa mzima haujapasuka mwili unaweza usiujue na damu ikasema hapana, usifarijike nayo kama picha inaonyesha mfuko wa maji kwenye ini. Na asitokee mtu akautoboa kwa sindano kujaribu tu bila daktari anayeujua ugonjwa, yale maji yakimwagika tumboni yanaleta mshtuko wa mzio na mifuko mingine mipya.

Hatua ya 6: strongiloidi, pima KABLA ya dawa za kushusha kinga

Huyu ndiye niliyesema nitamrudia. Strongiloidi ni mnyoo mdogo anayeingia kwa nyayo kama safura, lakini ana tabia ambayo karibu hakuna mwingine anayo: anaweza kujizalisha upya ndani ya mtu yule yule. Wengine wote unavyozidi kukaa mbali na uchafu wanakufa na kuisha, huyu unaweza kuhama kijiji ukiwa kijana ukaja kukutwa naye ukiwa mzee ulaya, miaka arobaini baadaye, hujawahi kukanyaga tope tena. Mara nyingi hasumbui, tumbo kidogo, muwasho unaotembea kama mstari mwekundu kiunoni au mapajani.

Siku mtu huyo akipewa prednisolone au deksamethasoni kwa wingi, au dawa za saratani au za mtu aliyepandikizwa figo mpya, kinga inaanguka na mnyoo unazaliana bila breki, unatoboa utumbo na kuvuta bakteria mpaka kwenye damu, mapafu na ubongo. Wengi wakifika hapo hawaponi. Na cha kusikitisha eosinofili hapo zinaweza kuwa chini kabisa, ile taa ya onyo imezimika.

Choo cha kawaida kinamkosa mara nyingi kwa sababu anatoa vitoto vichache sana na si kila siku, kwa hiyo kingamwili za damu ndiyo kipimo kizuri cha kuanzia, na kwake hata anayeishi sehemu zenye ugonjwa kinasaidia. Kama daktari anakuanzishia dawa hizo na umewahi kutembea peku kwenye udongo wenye unyevu, mwambie maneno haya: "daktari naomba nipimwe strongiloidi kwanza." Kama kipimo hakipatikani na dawa haiwezi kusubiri, muulize kuhusu kupewa ivermectin kwa tahadhari, madaktari wanafanya hivyo, na hapo ndipo lile swali la loa linarudi kwa waliotoka Kongo.

Hatua ya 7: kusoma karatasi, na kurudia

Karatasi nzuri ina vitu hivi: jina la mnyoo, aina ya kipimo (darubini, antijeni yaani kile kinachotolewa na mnyoo mwenyewe kama kwenye utepe wa matende, au kingamwili), tarehe na saa ya kuchukua damu, namba uliyopata na namba ya kawaida pembeni yake. Ikiwa imeandikwa "minyoo ndiyo" tu irudishe dirishani kwa adabu, useme naomba kujua ni mnyoo gani na mmetumia kipimo gani. Mtu wa maabara anayeijua kazi yake hatachukia.

Jibu likisema ndiyo lakini namba imepita mpaka kidogo tu, kumbuka minyoo ni ndugu, kingamwili za mmoja zinaweza kushika kipimo cha mwingine, hasa matende, loa na strongiloidi zinavurugana. Daktari aunganishe na ulikoishi na unachoumwa. Jibu likisema hapana na dalili zipo na eosinofili bado ziko juu, rudia baada ya wiki kadhaa, usifunge faili.

Baada ya dawa kila mnyoo una muda wake. Strongiloidi rudia kingamwili miezi 6 hadi 12, tunataka namba ishuke sana, haitakiwi kufika sifuri siku hiyo hiyo. Kichocho usirudie damu, itasema ndiyo miaka, rudia choo au mkojo. Utepe wa matende unaweza kubaki na mstari muda mrefu hata vijinyoo vikiwa vimeisha kwenye damu ya usiku, kwa hiyo anayetaka kujua kama bado anaambukiza wengine apimwe usiku tena. Eosinofili zinaweza kupanda kidogo mara tu baada ya kumeza dawa, minyoo ikifa mwili unashtuka, usipime wiki ile ile ukaogopa bure, subiri miezi kama mitatu.

Na nyuma ya ile karatasi ya kwanza andika kwa kalamu siku uliyomeza dawa na ulimeza ipi, uje nayo siku ya kurudi hata kama imekunjika na kuchakaa, maana namba mpya bila ya zamani pembeni siwezi kukwambia imeshuka au imepanda.